Panya Mwenye Dirisha Kichwani

Simu iliyoingia kituo cha polisi Jumatatu asubuhi ilisema Profesa ameibiwa. Si kwamba ameibiwa kitu, hapana. Ni yeye mwenyewe aliyeibiwa, na mlango haukuvunjwa.

Inspekta Jenista Komba akachukua askari wawili na pingu, akaelekea Chapwa akiwa tayari na picha ya watekaji kichwani. Alikuwa na miezi michache tu Tunduma tangu ahamishwe kutoka Songea, na alichojifunza hadi hapo ni kwamba hapa mpakani chochote huvushwa. Sukari, mbolea, simu, kuku. Sasa wamefika kwa maprofesa.

Dokta Judith, mkuu wa kituo cha utafiti kilichojengwa pembeni mwa mashamba ya mahindi, alimpokea getini akiwa na macho mekundu.

"Huyo profesa ana umri gani?" Jenista akauliza, kalamu tayari.

"Miaka miwili na nusu."

Kalamu ikasimama.

"Ni panyabuku, Afande," akasema Dokta Judith. "Yule panya mkubwa wa porini. Profesa ni jina tu. Tafadhali usicheke, kesho kutwa nina wageni kutoka wizarani na wafanyabiashara wa nafaka wa pande zote mbili za mpaka."

Jenista hakucheka. Askari wake mmoja ndiye aliyegeuka na kujifanya anakagua tairi la gari.

Chumba alichokuwa akikaa Profesa kilikuwa safi, na tundu lake lilikuwa wazi. Pembeni yake kulikuwa na chumba cha mashine. Dokta Judith alieleza haraka, kama mtu aliyezoea kuwaeleza wageni. Mahindi yakivunda hushika sumukuvu, na sumukuvu huua watu polepole bila kuonekana. Panyabuku ana pua kali kuliko mbwa. Basi wao wamemfungulia Profesa kijidirisha juu ya fuvu, kipande chembamba cha plastiki kinachopitisha mawimbi ya sauti. Mashine yenyewe ni ndugu ya ile altrasaundi wanayopimiwa wajawazito, ila hii ina kasi ya ajabu: hupiga picha mamia kwa sekunde moja na kuonyesha damu inakimbilia sehemu gani ya ubongo.

"Panya akinusa mahindi mabovu, ubongo unawaka kabla yeye mwenyewe hajasogea," akasema. "Tunaona anachokijua hata kabla hajatuambia."

"Na mahindi mazuri?"

"Giza. Hakuna kitu."

"Panya wengine hamna?"

"Waliofunguliwa dirisha walikuwa wawili. Mwenzake alikufa kwa baridi ya Juni. Bila Profesa sina cha kuwaonyesha wageni. Nimeshatangaza redioni, Afande!"

Mambo yalionekana mepesi. Kituo kilizungukwa na sengenge, nayo haikukatwa mahali popote. Geti lilikuwa moja. Mlango wa chumba ulifunguliwa kwa ufunguo, na funguo zilikuwa kwa watu watatu: Dokta Judith mwenyewe, aliyelala Vwawa kwa ajili ya kikao cha mkoa, Lucky, mlezi wa panya, na Gwantwa, mwendesha mashine. Usiku getini alikuwepo mlinzi, Mzee Anyosisye, mtu wa Ileje mwenye koti zito na kifua kilichokuwa kikimkohoza kila baada ya maneno machache.

Jenista alimkuta kibandani. Kiti cha mzee, ambacho kwa akili ya kawaida kingetazama geti, kilikuwa kimeelekea ukutani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Usiku kucha ulikuwa hapa?"

"Nilikuwepo."

"Ulisinzia?"

"Sikusinzia."

"Aliingia nani?"

"Sikumwona mtu."

"Mlango haukuvunjwa, sengenge ni nzima. Huyo panya katokea wapi?"

Mzee akafikiri. "Bila shaka katokea hapa getini."

"Wewe ukiwa hapa?"

"Nikiwa hapa."

"Macho wazi?"

"Wazi kabisa."

"Na hukuona mtu?"

"Sikumwona mtu, mwanangu."

Jenista aliangalia alichoandika, akakisoma tena, akahisi kama amepewa hesabu ya kujumlisha mbuzi na viatu. "Kiti hiki nani alikigeuza?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Hapo mzee akainama na kuanza kufunga vifungo vya koti lake. Hakuwa na ukaidi usoni, wala hofu. Alikuwa na aibu, na Jenista hakujua ni aibu ya nini. Katika kazi yake aliwahi kuona wezi wakilia, wakiapa, wakizimia, lakini mwizi wa kumwitikia "mwanangu" kwa upole namna ile hakuwahi kumwona, na jambo hilo lilimchanganya kuliko panya mwenyewe.

Lucky alikuwa kijana wa mjini, kofia kinyume, na ndiye aliyegundua wizi alipokwenda kulisha alfajiri.

"Afande, mimi nimenyooka," akaanza kabla hajaulizwa. "Jana jioni nilifunga mlango, Profesa yumo. Nikaenda zangu mpakani kucheki mpira na madereva. Waulize."

Waliulizwa. Dereva mmoja Mzambia alitoa kichwa dirishani mwa lori lake, akasalimia, "Muli shani, bwana afande! Lucky tulikuwa naye. Timu yake imefungwa, amelia mpaka tukamrudisha kwao tukiwa tumembeba." Madereva wengine watatu, kila mmoja peke yake, walisema hivyo hivyo. Lucky akafutwa kwenye orodha, ingawa kwa fedheha kidogo.

"Niambie lolote lisilo la kawaida," Jenista akamwambia.

Lucky akakuna kisogo. "Jumamosi mashine iligoma. Dada Gwantwa alijiunguza mkono jikoni, sasa mimi ndiye niliyechota yale mahindi mabovu. Kwa kawaida hayo ni ya dada tu, maana yana sumu na yeye ndiye aliyefundishwa. Mimi nachota mazuri. Basi Profesa akanusa, picha giza tupu. Dada akasema mashine mbovu, akanituma nyumbani mapema."

"Gwantwa ni mtu wa namna gani?"

"Fundi kweli kweli. Yeye ndiye aliyemlea Profesa tangu hajafumbua macho, anamlisha ndizi kwa mkono. Ila kazi ya jioni humpati. Mzee Anyosisye akikaribia kuingia zamu, yeye keshashika mkoba, hata picha iwe katikati. Na asubuhi haji mpaka mzee awe ametoka."

"Wamegombana?"

"Sijawahi kuwasikia wakisemeshana, Afande. Wala kusalimiana."

Gwantwa mwenyewe alihojiwa katika chumba cha mashine, mkono umefungwa bandeji. Alisema alikuwa nyumbani, amelala, mume wake yuko safarini. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikuyumba. Jenista alipomwomba waende getini akamwonyeshe njia anayopita, akashika meza.

"Tuongelee humu humu, Afande. Naomba."

"Unamwogopa mlinzi?"

"Simwogopi. Namheshimu."

Jenista akaandika: *wana ugomvi*. Kuuliza si ujinga, lakini kuna siku mtu huuliza vizuri akaandika vibaya.

Mchana ule mambo yakachanganyika zaidi. Jirani mmoja akaja kunong'ona kwamba Yonathani, mwindaji wa upande wa pili wa barabara, kala panyabuku asubuhi hiyo na kualika watu. Walimkuta Yonathani ameketi uani, ngozi imetandazwa juani, fuvu limesukumwa kando kwa ajili ya mbwa.

"Nilimtega bondeni," akasema Yonathani, "na mlikuwa mnakaribishwa, mmechelewa tu."

Dokta Judith aliposikia habari hiyo alikaa chini kwenye vumbi. Lakini Jenista aliliokota lile fuvu, akaligeuza mwangani. Lilikuwa zima juu, mfupa mtupu toka mwanzo hadi mwisho. Hapakuwa na tundu wala plastiki. Yule aliyeliwa hakuwa Profesa, Mungu amrehemu hata hivyo.

Akabaki Mzee Anyosisye. Alikuwepo, alikiri panya kapita mbele yake, aligeuza kiti ili asione, na hakutaka kusema kwa nini. Mkuu wa Jenista alisema kesi imekwisha: mlinzi amefumba macho, mwizi kapita. Alale ndani, Jumatano apelekwe mahakamani Vwawa, na akitoka huko ni rumande. Jenista alitia saini huku anasikia kikohozi cha mzee kikitoka mahabusu. Alijua kifua kile hakitastahimili rumande, na moyo wake haukutulia hata kidogo.

Jumanne asubuhi mke wa mzee alikuja kituoni na kikapu cha chakula. Alikuwa mama mnene, mchangamfu hata katika msiba wake, jina lake Atuganile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta kande na parachichi. Mwambie ale, akikaa na njaa anakohoa zaidi."

Jenista alikagua kikapu, na alipoinua macho akamwona Gwantwa ng'ambo ya barabara. Alikuwa amesimama nyuma ya lori la mahindi, blanketi mikononi, mgongo ameuelekeza kituoni kama mtoto aliyesusa.

"Yule mnafahamiana?"

"Si mkwe wangu? Ameolewa na mwanangu wa kwanza, ndiye mama wa mjukuu wetu Mercy. Yeye ndiye aliyemwombea mzee ile kazi ya ulinzi. Blanketi lile kalinunua yeye."

Jenista akashangaa. Hakuna aliyemwambia. Dokta Judith alipoulizwa jana alisema tu kwamba hao wa Ileje wote ni ndugu ndugu.

"Sasa mbona haingii? Ana hasira na mzee?"

Atuganile akamtazama kwa huruma, jinsi mwenyeji anavyomtazama mgeni aliyetia mguu ndani na viatu vyenye tope.

"Ataingiaje, mwanangu, na baba mkwe wake yumo? Kwetu mke wa mtoto hamwoni baba mkwe, na baba mkwe hamwoni yeye. Hawakai nyumba moja, hawaitani majina. Vijana wengi siku hizi wameacha. Mume wangu ni mtu wa zamani, na huyu binti anamheshimu, hajamvunjia hata siku moja tangu aolewe."

"Na wakikutana njiani?"

"Mwanamke anakohoa kwa mbali. Mzee akisikia, anageuka, anatazama pembeni mpaka apite."

Jenista alikuwa ameshika parachichi. Akaliweka mezani taratibu. "Akishapita, mzee akiulizwa nani kapita, atajibu nini?"

"Atajibu nini? Atakuwa amemwonaje, wakati amegeuka?"

Mzee hakuwa amemdanganya hata neno moja. Alikuwa akimjibu sawasawa, ila yeye ndiye aliyekosa swali. Na kumtaja mkwe wake, mama wa wajukuu zake, mbele ya polisi, lilikuwa jambo ambalo mdomo wake usingeweza hata kama ungetaka. Angekwenda nalo rumande.

Akawaita askari wake pembeni, akawatuma Chapwa, kwenye jiko la nje la nyumba ya Gwantwa. Hawakuchelewa. Mmoja alipiga simu huku anahema: ndani ya tenga la magunzi, chini ya kanga, kulikuwa na panyabuku mkubwa mwenye plastiki kichwani, tena kanenepa, anakula ndizi.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja bado kimemkaa Jenista kooni. Mtu haibi mavuno ya shamba lake mwenyewe. Gwantwa ndiye aliyemlea panya yule, ndiye aliyepiga zile picha, na sifa za kesho zingekuwa zake. Kwa nini aziue?

Saa saba mchana aliwakusanya katika chumba cha mashine: Dokta Judith, Lucky na Gwantwa. Profesa aliletwa ndani ya boksi, na Dokta Judith akapiga ukelele wa furaha. Gwantwa alibadilika rangi.

"Amepatikana wapi?" akauliza Dokta.

"Tutafika huko. Kwanza niambie, mashine ni mbovu?"

"Nimeipima jana. Haina kasoro."

"Basi nionyeshe inavyofanya kazi. Mimi si msomi wa mambo haya, nivumilie."

Profesa akaingizwa ndani ya mfuko wake wa kitambaa, akatulia, amezoea. Dokta Judith akapaka jeli juu ya dirisha, akashusha kifaa. Kwenye skrini ukatokea ubongo wa kijivu, mdogo kama punje ya korosho.

"Lucky, chota mahindi mabovu," Jenista akasema. "Vaa glavu zako."

"Hayo ni ya dada, Afande."

"Leo ni yako."

Lucky akachota, akasogeza kijiko puani mwa panya. Profesa alinusa, masharubu yakacheza. Skrini ikabaki kijivu.

Dokta Judith akakunja uso. "Rudia."

Akarudia. Kijivu.

"Sasa Dada Gwantwa," akasema Jenista. "Chota mahindi mazuri. Yale safi kabisa."

Gwantwa hakusogea.

"Kuna nini, Gwantwa?" akauliza Dokta Judith. "Chota."

Gwantwa akazitoa glavu zake mfukoni, zile zilizofuliwa na kuanikwa mara nyingi hadi zikachuja rangi, akavaa moja kwenye mkono mzima. Akachota mahindi safi. Kijiko kilikuwa bado hakijafika puani, na tayari skrini ilikuwa imewaka wekundu wa moto kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Lucky alivua kofia.

"Hatambui sumukuvu," akasema Dokta Judith polepole, kama mtu anayesoma maandishi yaliyo mbali. "Anakutambua wewe. Wewe ndiye uliyechota mabovu siku zote, na Lucky mazuri. Miezi yote hii tumekuwa tukipiga picha ya panya anayemfurahia mama yake."

"Nilijua Jumamosi," Gwantwa akasema. Sauti ndogo ile sasa iliyumba. "Lucky alipochota na picha ikawa giza, nilimtuma nyumbani, nikarudia peke yangu mpaka nikaelewa. Wageni wangechota wenyewe Jumatano. Nilitaka muda tu, Dokta. Nianze upya na panya wengine, nifanye vizuri, kabla watu hawajanicheka. Nimeahidiwa nafasi ya masomo kwa sababu ya picha hizi."

"Ungeniambia!"

"Ulikuwa umeshatangaza redioni."

Dokta Judith akavuta kiti, akakaa.

Jenista akaegemea meza. Hakuwa na furaha aliyoitarajia. "Jumapili usiku ulikuja na kikapu. Ulipofika karibu na geti ulikohoa. Baba mkwe wako akasikia, akageuza kiti, akatazama ukuta. Ukapita. Ulipotoka ukakohoa tena, naye akatazama ukuta tena. Ulijua mlinzi yeyote mwingine angekuuliza unakwenda wapi saa zile. Yeye asingekuuliza. Heshima yake ndiyo uliyoifanya pazia."

Gwantwa akajifunika uso.

"Nilidhani watasema panya katoroka," akasema kati ya kwikwi. "Sikujua mtamshika yeye. Na mlipomshika, nikasema atanitaja, basi yaishe. Hakunitaja. Jana nzima nimesubiri anitaje."

"Hawezi kukutaja. Unajua hilo kuliko mimi. Na kesho anakwenda Vwawa."

Gwantwa alilia muda mrefu. Kisha akavua glavu, akaiweka mezani. "Nipelekeni kwake," akasema.

"Maelezo yako yanatosha. Si lazima umwone."

"Nipelekeni kwake, Afande."

Kituoni, Atuganile alikuwa bado kwenye benchi. Alipomwona mkwe wake anavuka barabara, anapanda ngazi, anapita mlango ule ambao asubuhi hakuweza hata kuutazama, alisimama na kushika mdomo. "Gwantwa! Yumo!" akasema. Gwantwa akampita.

Mzee Anyosisye alikuwa ameketi sakafuni karibu na nondo. Alisikia hatua, na hakuhitaji kikohozi chochote. Akajikusanya na koti lake, akageukia ukuta.

Gwantwa alipiga magoti upande wa pili wa nondo. Jenista akasogea kando.

"Baba," akasema Gwantwa, neno ambalo hajawahi kumwambia. "Nilipita ukiwa umegeuka. Nimekukosea mimi, na wewe umelala hapa kwa ajili yangu. Nimeshawaeleza yote. Sitaki kupita tena mgongoni mwako. Geuka unione."

Mgongo wa mzee ulipanda na kushuka kwa kikohozi. Atuganile, mlangoni, alikuwa akisema kitu kwa Kindali, lugha ya kwao, haraka haraka, labda sala, labda onyo.

Kisha mzee akageuka. Aligeuka polepole, mwili kwanza na macho baadaye, akamtazama mke wa mwanawe usoni. Alimtazama paji, pua, kidevu, kama mtu anayesoma barua iliyokaa miaka bila kufunguliwa. Machozi yakamtoka na hakuyafuta.

"Kumbe Mercy amekufuata wewe," akasema. "Na sisi nyumbani tunabishana, bibi yake anasema amefanana na mimi."